Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania kwa macho ya mkulima wa korosho Mtwara

Hakuna huduma ya umma inayomgusa mkazi wa Mtwara na Lindi kila siku kama utabiri wa hali ya hewa, na pengine hakuna inayolaumiwa bila kueleweka kama hiyo. Mimi ni mkulima wa korosho na ufuta, nina ndugu wanaovua pwani ya Msimbati na Mikindani, na kwa miaka mingi nimepanga kazi zangu kwa kufuata taarifa za Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, ile tuliyozoea kuiita TMA. Tathmini hii ni ya mtumiaji, lakini nimejitahidi kufuatilia namna taarifa hizo zinavyotengenezwa, kwa sababu asiyejua kipimo kinavyochukuliwa hawezi kujua wapi akiamini na wapi akitumie kwa uangalifu. Hukumu yangu naitoa mapema: maonyo ya siku tano na ya vimbunga ni huduma bora kabisa, utabiri wa msimu unamfaa sana anayeusoma hadi mwisho, na kumbukumbu za vipimo, ambazo hazisomwi redioni, ndizo mali yenyewe, maana hayo mengine mawili yasingekuwapo bila hizo.

Nianze na hizo kumbukumbu. Katika kituo cha hali ya hewa utaona uwanja mdogo wa nyasi zilizokatwa fupi, umezungushiwa uzio, na katikati limesimama sanduku jeupe la mbao lenye kuta za vibao vilivyolazwa mshazari ili hewa ipite na jua lisiingie. Ndani yake mna vipimajoto vinne. Kimoja kinahifadhi joto la juu kabisa la siku, kingine joto la chini kabisa la usiku, na viwili vilivyobaki vimesimama sambamba, kimoja kikavu na kingine kimevishwa kitambaa chembamba kinachonyonya maji kutoka kwenye kikombe kidogo. Hewa ikiwa kavu, maji hukauka upesi kwenye kitambaa na kipimajoto kile hushuka. Hewa ikiwa nzito kwa unyevu, kama tunavyoijua Mtwara mwezi wa Machi, vipimajoto viwili hukaribiana. Kutokana na tofauti hiyo ndogo mpimaji hupata kiwango cha unyevu wa hewa. Pembeni kipo kifaa cha tufe la kioo linalokusanya miale ya jua na kuunguza mstari kwenye kadi iliyopigwa alama za saa. Wingu likipita, mstari unakatika, na jioni urefu wa sehemu zilizoungua unasema jua liliwaka kwa saa ngapi. Upepo hupimwa juu ya mlingoti wa mita 10, na mgandamizo wa hewa husomwa ndani ya ofisi.

Kipima mvua ndicho kilichonivutia kuliko vyote. Ni chombo cha bati au shaba chenye mdomo wa duara na faneli ndani, na kila siku saa 3 asubuhi mpimaji hukifungua, huyamimina maji kwenye chupa nyembamba yenye mistari, huinama mpaka jicho lake lilingane na uso wa maji, kisha huandika milimita hadi nukta moja. Milimita 1 ni lita 1 ya maji juu ya kila mita 1 ya mraba, kwa hiyo mvua ya milimita 50 iliyonyesha juu ya ekari moja ya mikorosho imeleta lita zaidi ya 200,000. Kama yalidondoka matone yasiyofika kupimika, hilo nalo linaandikwa. Na kama haikunyesha kabisa, mpimaji anafungua chombo vilevile na kuandika sifuri, iwe Agosti, iwe sikukuu, maana siku iliyoachwa wazi kwenye daftari si sawa na siku isiyo na mvua, na mtafiti atakayelifungua daftari hilo miaka 40 baadaye hatakuwa na njia ya kuzitofautisha.

Saa hizo hazikuchaguliwa kwa matakwa ya ofisi ya Mtwara. Vituo vikuu duniani kote husoma vipimo kwa wakati mmoja, kila baada ya saa tatu kwa saa za kimataifa, kwa utaratibu wa Shirika la Hali ya Hewa Duniani, ambalo mkataba wake ulianza kutumika tarehe 23 Machi 1950. Kipimo cha mgandamizo wa hewa kilichosomwa Mtwara hukutana na vya Komoro, Madagaska na Msumbiji, na kwa pamoja huonyesha wapi hewa inasukumwa na wapi inavutwa. Bila makubaliano hayo ya saa, ramani ya hewa ya Bahari ya Hindi isingechoreka. Nasisitiza jambo hili kwa sababu wapo wanaodhani kwamba utabiri ni kazi ya setilaiti peke yake. Setilaiti ni msaada mkubwa, na zile zinazoitazama Afrika hutuma picha mpya kila baada ya dakika chache, lakini setilaiti huona mawingu kutoka juu. Kiasi cha maji kilichofika kwenye udongo wa Tandahimba hukisia tu, na kisio hilo husahihishwa kwa chombo kilichosimama ardhini.

Historia ya huduma yenyewe ni ndefu kuliko jina lake la sasa. Vipimo vya kwanza Tanganyika vilianza enzi za Wajerumani. Baadaye Tanganyika, Kenya, Uganda na Zanzibar zilihudumiwa na idara moja ya Afrika Mashariki hadi Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977, ndipo nchi ikawa na idara yake. Mwaka 1999 ikawa Wakala, na Sheria Na. 2 ya mwaka 2019 ikaifanya Mamlaka. Wapimaji wengi hupitia Chuo cha Taifa cha Hali ya Hewa kilichopo Kigoma. Yote hayo ni ya kiutawala na sitayachambua zaidi, isipokuwa niseme kwamba mabadiliko ya majina ya taasisi yasingekuwa na maana yoyote kwetu kama madaftari yangepotea njiani.

Kwa nini mtu wa Lindi ajali madaftari ya zamani? Kwa sababu pwani yetu ilikwisha kupigwa. Mwezi wa Aprili 1952 kimbunga kilitua Lindi, na mwezi kama huo wa mwaka 1872 kingine kiliivunja Zanzibar na kung'oa mikarafuu. Ukiwa na kumbukumbu fupi utasema vimbunga ni vya Msumbiji na Madagaska. Ukiwa na ndefu utajua kwamba huja kwetu kwa nadra, lakini huja, na kwamba mwishoni mwa msimu wa mvua, Aprili na Mei, hatupaswi kulala. Wataalamu huita tabianchi ule mwenendo wa hewa uliopimwa kwa muda mrefu, na kipindi wanachokitumia kulinganisha ni miaka 30. Cha sasa ni cha 1991 hadi 2020. Redio inaposema mvua imezidi wastani, inailinganisha na kipindi hicho, ambamo imo miaka ya mafuriko na miaka ya njaa.

Sasa nije kwenye maonyo, ambayo nayapa alama zote. TMA hutoa taarifa ya hali mbaya ya hewa kwa siku tano mbele, kila siku ikiwa na ramani yake na rangi: njano kwa angalizo, chungwa kwa tahadhari, nyekundu kwa tahadhari kubwa. Chini ya ramani huwekwa mambo mawili ambayo wasomaji wengi huyaruka, nayo ni uwezekano wa tukio kutokea na kiwango cha athari zinazoweza kutokea, kila kimoja kikipewa daraja la mdogo, wastani au mkubwa. Hapo ndipo ilipo akili ya taarifa nzima. Uwezekano mdogo wa athari kubwa ni jambo la kumfanya mvuvi mwenye dau asilale visiwani, hata kama jua linawaka. Uwezekano mkubwa wa athari ndogo ni jambo la kumfanya mama anayeanika muhogo aweke turubai karibu, na shughuli iendelee.

Wakati wa kusi, hasa kuanzia Juni hadi Agosti, angalizo tunaloliona mara kwa mara ni la upepo unaofikia kilomita 40 kwa saa na mawimbi yanayofikia mita 2. Kwa meli inayoingia bandari ya Mtwara hilo halina uzito mkubwa. Kwa mtumbwi au ngalawa inayotoka Msanga Mkuu kuelekea nje ya ghuba, ni suala la kurudi au kutorudi. Wazee wetu wa bahari wanayajua majira ya kusi na kaskazi, wanasoma rangi ya maji na mwelekeo wa mawingu, na elimu hiyo sitaki mtu aidharau. Taarifa ya siku tano inawaongezea kile ambacho jicho la mtu aliyesimama ufukweni haliwezi kukiona, yaani upepo ambao bado uko mbali baharini na utakaofika keshokutwa. Ndugu zangu wanaotumia vyote viwili kwa pamoja ndio wanaofaidi zaidi.

Kipimo kigumu kwa huduma hii kilikuwa kimbunga Kenneth. Mwezi wa Aprili 2019 TMA ilionya kwamba kinaelekea pwani ya kusini ya Tanzania na kaskazini ya Msumbiji. Hapa Mtwara shule na ofisi zilifungwa, wakazi wakaelekezwa kwenda maeneo salama, safari za ndege zikasitishwa. Tarehe 25 Aprili Kenneth kikatua Cabo Delgado, ng'ambo ya Ruvuma, kikaua zaidi ya watu 40 na kubomoa maelfu ya nyumba, na sisi tukapata mvua na upepo tulioweza kuustahimili. Baada ya hapo nilisikia sana, vibarazani na kwenye magari, kwamba tulitishwa bure. Hukumu hiyo siikubali hata kidogo. Kimbunga kilisafiri mamia ya kilomita baharini kikija upande wetu, kikatua umbali ambao basi linautembea kwa saa chache, na hakuna mtaalamu wa nchi yoyote anayeweza kuapa siku mbili kabla kwamba jicho la kimbunga litapita kusini ya mto na si kaskazini yake. Onyo lilitaja eneo lenye hatari, na hatari ilifika ndani ya eneo hilo. Aliyehamia mahali salama usiku ule hakupoteza kitu cha kulinganishwa na kile walichopoteza watu wa Macomia, kule Cabo Delgado.

Miaka mitano baadaye kikaja Hidaya, na safari hii kikaja kwetu. TMA ilikifuatilia tangu kilipoanza kukua baharini na kutoa taarifa mfululizo hadi kilipogusa pwani tarehe 4 Mei 2024 na kupoteza nguvu. Katika usiku mmoja Mtwara ilipata mvua ya zaidi ya milimita 90, wakati wastani wa mwezi mzima wa Mei ni kama milimita 54. Takwimu hiyo ya wastani ilipatikana kwa watu waliofungua kipima mvua kila asubuhi za Mei zilizopita, na bila hiyo tungebaki kusema tu kwamba ilinyesha sana. Barabara ya kwenda Dar es Salaam ilikatika upande wa Somanga, wilayani Kilwa, mizigo ikakwama, na bei za vitu vya dukani tukaziona zikipanda. Wenye ufuta uliokaribia kukomaa waliumia. Kuuvuna kabla ya wakati haikuwezekana, lakini waliokuwa na mazao ghalani walipata muda wa kuyainua juu ya chaga na kuangalia mapaa, na wavuvi walipata muda wa kuvipandisha vyombo vyao.

Utabiri wa msimu una mambo zaidi ya kusemwa, kwa sababu hapo ndipo msomaji anapotakiwa kufanya kazi. Mikoa yetu ina msimu mmoja wa mvua, Novemba hadi Aprili, tofauti na kanda za kaskazini zenye vuli na masika, na utabiri wake hutangazwa kabla haujaanza, kwa kawaida kuelekea mwisho wa Oktoba. Humo hutajwa wiki ambayo mvua zinatarajiwa kuanza, wiki zinapotarajiwa kuisha, vipindi vya ukavu vinavyoweza kujitokeza katikati, na kiwango kwa madaraja matatu: juu ya wastani, wastani, na chini ya wastani. Daraja la wastani huchukua kila kitu kuanzia asilimia 75 hadi asilimia 125 ya wastani wa muda mrefu. Chukua mahali ambapo msimu huleta milimita 900: mvua za wastani hapo ni chochote kati ya milimita 675 na 1,125. Mkulima wa mahindi anayepata 675 na mwenzake anayepata 1,125 hawana msimu mmoja, ingawa utabiri umekuwa sahihi kwa wote wawili. Na zaidi ya kiasi kuna mpangilio: mvua ileile ikinyesha kwa kupishana vizuri hujaza ghala, ikishuka yote kwa wiki chache na kufuatiwa na ukavu wa Februari huunguza mahindi yakiwa yanatoa mbelewele. Ndiyo maana ninaposoma utabiri wa msimu huanza na sehemu ya kuanza kwa mvua na vipindi vya ukavu, kisha ndiyo niangalie daraja.

Jambo jingine la kuzingatia ni habari za El Niño. Kila zinapotangazwa, watu wa kusini huanza kujiandaa kwa mafuriko kama ya 1997 na 1998, kwa kuwa ndiyo picha iliyobaki vichwani. Lakini kupanda kwa joto la maji katika Bahari ya Pasifiki kati huongeza mvua hasa kwenye maeneo ya vuli, yaani pwani ya kaskazini, Ziwa Viktoria na nyanda za juu kaskazini mashariki. Kwetu kusini athari zake si za uhakika namna hiyo, na mara nyingine huelekea upande mwingine. TMA huandika utabiri wa mikoa yetu katika sehemu yake peke yake, na ni hiyo ya kusomwa, hata kama vichwa vya habari vinazungumzia nchi nzima.

Kwa korosho, faida ya taarifa hizi ni kubwa kuliko wengi wanavyoitumia. Mikorosho huchanua Juni hadi Agosti, na huo ndio wakati wa ubwiriunga, ugonjwa unaopenda umande na asubuhi zenye ubaridi. Salfa ya unga hupulizwa alfajiri, upepo ukiwa umetulia na umande ungali majanini. Kupuliza siku yenye kusi kali ni kuipeleka salfa ya bei ghali kwenye shamba la jirani au baharini. Kiuatilifu cha maji nacho, mvua ya saa chache baada ya kupuliza hukiosha chote. Utabiri wa siku tano, ukisomwa jioni moja kabla ya kuwaita vijana wa kupuliza, unaokoa fedha halisi. Kuanzia Oktoba, korosho zikiwa kwenye majamvi zinakauka, ni taarifa hiyohiyo inayotuambia lini tuanike na lini tuzipeleke chama cha msingi, maana korosho iliyonyeshewa hubadilika rangi na kushuka daraja mnadani. Wenye mashamba ya chumvi hapa Mtwara na kule Lindi wanajua hesabu kama hiyo: mvua moja isiyotarajiwa inayeyusha kazi ya wiki nzima.

Upungufu ninaouona upo, na kwa sehemu kubwa ni wa umbali. Mvua zetu nyingi hutoka kwenye mawingu ya alasiri ambayo hunyeshea kijiji kimoja na kukiacha cha pili kikiwa na vumbi, na chombo chenye mdomo wa upana wa kiganja hakiwezi kusema lolote kuhusu shamba lililo kilomita 60 kutoka hapo. Rada ya hali ya hewa iliyofungwa Mtwara imeleta nafuu kubwa, kwa kuwa hurusha mawimbi na kupokea mwangwi wake kutoka kwenye matone yenyewe, ikaonyesha mvua iko wapi na inaelekea wapi kwa wakati uleule. Hata hivyo dunia ni mviringo, na mwale wa rada kadiri unavyokwenda mbali ndivyo unavyopaa juu ya ardhi. Kule Liwale na Nanyumbu unaona vichwa vya mawingu zaidi kuliko mvua inayofika chini. Mtu wa maeneo hayo anahitaji kipima mvua jirani naye, na hakuna teknolojia itakayoondoa hitaji hilo karibuni.

Upungufu mwingine hautoki kwa watabiri. Taarifa ya kurasa kadhaa, yenye uwezekano, athari na ushauri kwa kila sekta, huteremka mpaka kwenye makundi ya simu ikiwa imebaki mstari mmoja wenye herufi kubwa, bila tarehe, na mara nyingine ni ya mwaka uliopita. Nimeshuhudia onyo la zamani likizungushwa kama jipya na watu wakiahirisha safari. Tiba yake ni rahisi: taarifa ya kweli ina tarehe na saa ya kutolewa, na ipo kwenye kurasa za TMA mwenyewe, redioni na katika taarifa ya habari ya jioni. Ambayo haina tarehe isitumwe kwa mtu mwingine.

Ningependa pia kiasi cha mvua iliyonyesha jana, kituo kwa kituo, kitangazwe kwenye redio zetu za kusini pamoja na utabiri wa kesho, kwa sauti ileile na kwa saa ileile. Mkulima akisikia kila siku milimita za kituo kilicho karibu naye, baada ya msimu mmoja atakuwa na kipimo chake kichwani, na daraja la wastani halitakuwa tena jambo la mbali. Zamani vipimo vingi vya mvua nchini vilisomwa na watu wa misheni, mashamba makubwa na shule, kwa kujitolea, na madaftari yao ndiyo yaliyojaza mapengo kati ya vituo vikuu. Jambo hilo linaweza kufanyika tena. Kwenye chama chetu cha msingi nimependekeza tutenge fedha kidogo kutoka kwenye makato ya msimu kwa ajili ya kipima mvua cha kiwango kinachokubalika, kiwekwe katika uwanja wa shule ya sekondari ya kata, mbali na miembe kwa angalau mara mbili ya urefu wake, na ofisi ya hali ya hewa ya mkoa iombwe kuja kukikagua na kumfundisha mwalimu wa Jiografia na wanafunzi wake namna ya kukisoma saa 3 asubuhi, siku za likizo zikiwamo.